Msiba wa Karatu na Elimu ya Nafsi



Ukitoka Makuyuni ukaupita Mto wa Mbu, barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likabaki chini mkono wako wa kushoto. Kisha wafika Rhotia, halafu Karatu, na mbele yake lango la Ngorongoro. Huko Rhotia, Jumamosi tarehe 6 Mei 2017, asubuhi ya mvua, basi dogo la wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha liliacha njia likatumbukia korongoni. Watoto wale walikuwa wakienda Karatu kufanya mtihani wa majaribio. Wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watatu tu ndio waliotoka hai, nao wakapelekwa Marekani kutibiwa mifupa iliyovunjika, wakarejea mwezi wa Agosti. Siku ya Jumatatu majeneza yalipangwa safu katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na Makamu wa Rais wa wakati ule, Bibi Samia Suluhu Hassan, akaongoza maombolezo.

Mifupa ilipata mafundi wake. Je, nyoyo? Za wazazi, za wenzao waliobaki shuleni, za wanakijiji walioteremka korongoni kuwatoa watoto kwa mikono yao? Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze.

Nchi ile imeyaona makubwa zaidi. Mwaka 1892 Oscar Baumann, msafiri wa Kizungu, alishuka shimo la Ngorongoro akawakuta Wamasai wamebaki ngozi na mifupa. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, na ndui ikamaliza watu. Wamasai waliuita wakati ule Emutai, yaani kumalizwa. Hapakuwa na wa kuuliza habari za nyoyo zao, kila mtu alitafuta cha kutia tumboni.

Sasa wako wenzetu wasemao kwamba Mwislamu hahitaji mtaalamu wa nafsi, kwamba sabri yamtosha. Ndugu msomaji, sabri ni wajibu, lakini nani aliyekwambia kwamba sabri ni kutohuzunika? Nabii Yaaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume. Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Jaafar alipouawa Muuta, aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwani lililowafika limewashughulisha. Na Bibi Aisha alikuwa akiwapikia wafiwa talbina, uji wa shayiri, akiwaeleza kwamba huutuliza moyo. Haya ya chakula twayafanya matangani mpaka leo, ila tumesahau kwa nini.

Wala elimu yenyewe si ngeni kwetu. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyojulikana sababu yake, na akashauri kwamba kama mtu awekavyo dawa nyumbani kwa dharura ya mwili, ndivyo aweke fikira njema wakati wa salama, zimfae wakati wa mshtuko. Profesa Malik Badri wa Sudan ndiye aliyeifasiri kwa Kiingereza sehemu ihusuyo nafsi.

Wazungu waliifikia njia hii kwa moto. Mwaka 1942 ukumbi wa starehe mjini Boston uliungua wakafa watu 492. Daktari Erich Lindemann akakaa na walionusurika na waliofiwa, akaandika namna huzuni inavyomshika mtu pumzi, usingizi na hamu ya kula. Kwetu Afrika Mashariki, wengi walilisikia jambo hili kwanza baada ya mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998, madaktari wa Kenya walipoanzisha huduma ya ushauri kwa walioumia na waliofiwa.

Hata wataalamu walikosea. Miaka ya themanini ilienea desturi ya kuwakusanya watu mara tu baada ya msiba na kuwataka wasimulie yote waliyoyaona. Ilipochunguzwa, ikaonekana haiwakingi na maradhi, na wengine huenda iliwazidishia. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mwingine: tazama ana haja gani, msikilize bila ya kumlazimisha kusema, muunganishe na jamaa zake na msaada. Hili hata jirani aweza kulifanya. Lakini yule ambaye mwezi umepita naye bado aota yale yale, ashtuka kwa mlango kugongwa, na aikimbia njia ile, huyo apelekwe kwa mtaalamu, wala isisemwe kwamba imani yake imepungua au ana jini.

Nasema haya nami ni mkosa. Mwaka ule ule wa 2011, Septemba, ilizama meli ya Spice Islander karibu na Nungwi. Chuoni kwangu alikuwako kijana aliyenusurika. Alipokuwa akilia katikati ya darasa nilimkanya mbele ya wenziwe, nikamwambia ajikaze, aliyoyaandika Mungu hayalizwi. Akaacha kulia, na akaacha kusoma vilevile. Miezi ikapita. Muuguzi mmoja, jirani yetu, akanijia akaniambia, "Maalim, mtoto yule usimfundishe kitu leo. Kaa naye tu."

Nikakaa naye barazani tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, hatukusema neno. Mwisho akaniambia kwamba katika maji alikuwa amemshika mdogo wake mkono, kisha akauachia. Nikamwita mama wa nyumbani kwangu atuletee chai.