Goa ya Kale, mji wa makanisa yasiyo na majirani

Katika parokia zetu nyingi jina la Mtakatifu Fransisko Ksaveri lajulikana hata na watoto wa katekismu. Twajua kwamba alikwenda Bara Hindi, akabatiza watu wengi, akafa mbele ya pwani ya Uchina. Walakini ni wachache wanaojua mwili wake umelazwa wapi, na mji ule una habari gani. Leo twataka kuwaongoza mpaka huko.

Mji wenyewe waitwa Goa ya Kale. Uko upande wa magharibi wa Bara Hindi, kando ya mto Mandovi, mwendo wa kilometri 10 hivi kutoka Panjim, ulio mji mkuu wa jimbo la Goa siku hizi. Mgeni afikaye hapo hushangaa. Aona makanisa makubwa kama yale ya Ulaya, yamesimama katikati ya majani na minazi, lakini nyumba za watu ni chache tu. Hujiuliza: ni nani waliokuwa wakisali humu, na wamekwenda wapi?

Wareno hawakuujenga mji ule porini. Waliukuta umekwisha kuwa bandari ya sultani Adil Shah wa Bijapur, na farasi walioletwa kwa merikebu kutoka Arabuni waliuzwa hapo. Mwaka 1510 Afonso de Albuquerque aliutwaa, akafukuzwa, kisha akarudi akautwaa mara ya pili tarehe 25 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Katarina. Baada ya ushindi aliamuru Waislamu wa mji wauawe, akamwandikia mfalme wake habari hizo bila haya. Twayasema haya mapema, maana atakayezuru kanisa dogo la Mtakatifu Katarina, lililowekwa kuikumbuka siku ile, yafaa ajue ni siku ya namna gani.

Toka hapo Goa ikawa kichwa cha nchi zote za Wareno upande wa mashariki, kuanzia pwani ya Afrika mpaka Macau. Hata ngome ya Mombasa, iitwayo Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilipokea amri zake kutoka Goa. Liwali mkuu mpya alipofika kutoka Ureno, alishuka mtoni akapita chini ya mlango mkubwa wa mawe, uliojengwa mwaka 1599, na hapo alikabidhiwa funguo za mji. Mlango huo waonekana mpaka leo, nao wageni huupita kwa miguu. Watu wa Ureno walikuwa na msemo, kwamba aliyeiona Goa hana haja ya kuiona Lisboa.

Katika mji huo wa fahari Fransisko alifika tarehe 6 Mei 1542, baada ya safari ya mwaka mzima na zaidi. Njiani alikaa miezi Msumbiji akihudumia wagonjwa, akatua Malindi pia. Huko Goa alilala hospitalini, akawatembelea wafungwa, na mchana alizunguka njiani akipiga kengele ndogo ili watoto na watumwa waje kufundishwa. Yeye aliwaona Wareno wenyewe kuwa kizuizi kikubwa cha Injili, kwa ajili ya ulafi na uzinzi wao. Ndipo mwaka 1546 alimwandikia mfalme wa Ureno, akiomba Baraza la Uchunguzi wa imani, yaani Inkwizisyo, liwekwe huko. Baraza lilikuja mwaka 1560, naye amekwisha kufa tangu 1552. Lilidumu mpaka 1812, likaacha jina baya, maana liliwatesa wengi, hasa Wahindi waliobatizwa na kushutumiwa kwamba wameshika bado desturi za wazee wao. Mtakatifu hakuyaona hayo yote. Lakini barua ni yake, nasi hatuwezi kuifuta.

Mwaka ule ule wa 1560, Wahindu wa kijiji cha Cortalim waliihamisha sanamu ya mungu wao Manguesh, wakaivusha mto Zuari, wakamjengea hekalu jipya ng'ambo, mahali ambapo Wareno hawakutawala. Hekalu hilo lipo, ni zuri, lina mnara wa taa mweupe, na wageni wengi huenda kulitazama siku moja na makanisa. Anayetaka kuijua Goa kweli asiliache.

Sasa tuingie katika kanisa la Bom Jesus, maana yake Yesu Mwema. Wayezuiti walianza kulijenga mwaka 1594, likamalizika 1605. Kwa nje ni mawe mekundu tu, bila chokaa; ndani altare yang'aa dhahabu. Kuumeni ndipo alipo Mtakatifu. Mwili wake ulizikwa kwanza katika kisiwa cha Uchina, ukapelekwa Malacca, na mwaka 1554 ukafika Goa haujaoza, mji wote ukaja kuupokea. Husimuliwa kwamba mwanamke mmoja Mreno, alipoinama kuibusu miguu, aliuma kidole akaondoka nacho! Mkono wa kuume, uliobatiza wengi, ulipelekwa Roma mwaka 1614. Sanduku la fedha ni kazi ya wafua fedha wa Goa wenyewe, na kaburi la marmari lililo chini yake ni zawadi ya mtawala wa Toscana, lililokamilika mwaka 1698. Sanduku limewekwa juu sana, mkono haufiki. Kila miaka kumi huteremshwa na kupelekwa katika kanisa kuu la jirani, watu wapate kuliona karibu. Mara ya mwisho ilianza Novemba 2024 ikaisha Januari 2025. Kanisa kuu hilo lilikuwa na minara miwili. Mmoja ulianguka mwaka 1776 wala haukujengwa tena.

Lakini mahali palipotugusa kuliko pote ni juu ya kilima, katika magofu ya Mapadri wa Mtakatifu Augustino. Umebaki nusu ya mnara mmoja, wenye kimo cha meta 46. Humo waliletwa mifupa ya malkia Ketevan wa Georgia, Mwortodoksi, aliyeuawa Shiraz mwaka 1624 kwa kuwa alikataa kuiacha dini ya Kristu. Wachimbaji waliona mfupa wake katika magofu hayo, wataalamu wakauthibitisha mwaka 2013, na mwaka 2021 Uhindi ukaukabidhi kwa watu wake. Mapadri hao hao wa Goa ndio waliomlea mtoto wa sultani wa Mombasa, wakambatiza Jerónimo, wakamrudisha awe mfalme kwao. Mwaka 1631 akaasi, akamwua kapteni wa ngome na Wakristo wengi, weupe na weusi. Nyumba ile moja ilitunza mifupa ya shahidi, tena ikamlea mwenye kufanya mashahidi.

Na watu wa mji walikwenda wapi? Hawakufukuzwa na jeshi. Waliuawa na maji. Mawe ya nchi ile yana matundu, uchafu wa vyoo ulipenya visimani, kipindupindu na homa zikarudi mara kwa mara. Tena Waholanzi waliwapokonya Wareno biashara, fedha za kutengeneza mji zikapungua. Mwaka 1695 liwali alihamia Panelim, mwaka 1759 akahamia Panjim, na wenye nyumba wakamfuata, wakibomoa kuta zao na kuyachukua mawe. Mwaka 1835 mashirika ya watawa yalifukuzwa kwa amri ya Ureno. Kanisa la Augustino likaachwa wazi, na mwaka 1842 dari yake ya mawe ikaanguka.

Utawala wa Wareno ulikoma Desemba 1961, jeshi la Uhindi lilipoingia. Kila tarehe 3 Desemba watu hujaa tena katika uwanja wa Bom Jesus, na Misa husomwa kwa Kikonkani, lugha yao. Jioni wanarudi makwao. Kengele ya ule mnara uliovunjika haikupotea: imetundikwa katika kanisa la Bikira Maria wa Panjim, nako yalia mpaka leo.