Uzuri wa Mkakasi: Mgahawa wa Kifahari na Historia ya Huduma Inayoyumba

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Msemo huu unaielezea vyema aina moja ya mgahawa ambayo wakazi wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa wanaifahamu. Taa zake zina rangi ya dhahabu, viti vyake ni laini, na menyu yake imechapwa kwenye karatasi nzito. Wiki hii samaki analetwa akiwa ameiva barabara, na mhudumu anajua kila kiungo kilichomo kwenye mchuzi. Wiki ijayo samaki wa aina ileile analetwa mkavu baada ya saa nzima, na mhudumu mwingine hana hakika hata kama jikoni kuna ndimu. Kisichoyumba ni bei peke yake.

Maelezo yanayotolewa mara kwa mara kuhusu hali hii ni ya tabia. Husemwa kuwa vijana wetu hawajui kuhudumia, kwamba ni wavivu, au kwamba kutumikia hakumo katika damu yao. Makala hii inayakataa maelezo hayo kwa ushahidi wa historia. Chakula na huduma huyumba kwa sababu ya mpangilio wa kazi na malipo, na mpangilio huo una asili yake, una walionufaika nao, na unaweza kubadilishwa.

Tuanze na mgahawa wenyewe. Neno restaurant, katika Paris ya karne ya 18, halikuwa jina la mahali. Lilikuwa jina la supu nzito ya nyama iliyoaminika kurejesha nguvu za mtu dhaifu. Simulizi maarufu humtaja muuza supu aitwaye Boulanger kuwa ndiye mwanzilishi mwaka 1765, lakini mwanahistoria Rebecca Spang ameonyesha kuwa ushahidi wa simulizi hiyo ni hafifu, na anamtaja Mathurin Roze de Chantoiseau, aliyeanza biashara hiyo mwaka 1766. Kabla ya hapo, msafiri aliyekula kwenye nyumba ya wageni alikaa meza moja na watu asiowajua, kwa saa iliyopangwa, akala kilichopikwa siku hiyo. Mgahawa mpya ulimpa meza yake, saa yake, na orodha ya vyakula yenye bei. Katika miaka ya 1780 Antoine Beauvilliers, aliyewahi kuwatumikia watu wa ukoo wa kifalme, alifungua mgahawa ambao mtu yeyote mwenye fedha aliweza kula kwa adabu za ikulu.

Katika ahadi hiyo mlikuwa na mbegu ya tatizo letu. Orodha yenye bei ni mkataba. Inamwambia mteja kwamba sahani aliyoila jana ataipata leo kwa ubora uleule, hata kama jikoni yupo mpishi mwingine na ukumbini wamejaa watu mia. Ahadi hiyo haiwezi kutimizwa kwa kipaji cha mtu mmoja, inahitaji utaratibu.

Mtu anayehusishwa zaidi na utaratibu huo ni Auguste Escoffier, Mfaransa aliyekuwa mpishi wa jeshi katika vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia. Mwaka 1890 aliingia hoteli ya Savoy, London, iliyokuwa chini ya meneja César Ritz, akaipanga jiko kama kikosi. Kila kundi la wapishi lilipewa jukumu lake: michuzi, nyama za kuchoma, mboga na mayai, vitamu. Mfano unaotajwa sana ni wa sahani ya mayai iliyoitwa Meyerbeer. Mpishi mmoja aliyeiandaa peke yake alihitaji kama dakika 15. Chini ya mpangilio mpya mmoja aliandaa mayai, mwingine akachoma figo, wa tatu akatengeneza mchuzi, na sahani ikatoka kwa dakika chache tu. Mwaka 1903 Escoffier alichapisha kitabu chake kikubwa cha mapishi, Le Guide culinaire, ambacho kiliwapa wapishi wa miji mbalimbali kipimo kimoja.

Hata hivyo, Savoy hiyohiyo inatufundisha upande wa pili. Mwezi Machi 1898 Ritz na Escoffier walifukuzwa kazi, na mwaka 1900 Escoffier alikiri kwa maandishi kwamba alikuwa akipokea kamisheni kutoka kwa wafanyabiashara walioiuzia hoteli vyakula. Jambo hilo lilifichwa kwa miongo mingi. Msomaji anayefanya kazi katika idara ya manunuzi hahitaji kuelezwa zaidi. Kamisheni inapoamua nani auze, ubora unakuwa suala la bahati, iwe kwa nyama ya jikoni au kwa dawa za zahanati.

Miongo mitatu baadaye George Orwell alifanya kazi ya kuosha vyombo mjini Paris, na katika kitabu chake cha mwaka 1933, Down and Out in Paris and London, alieleza hoteli ya kifahari ambamo mlango mmoja tu ulitenganisha ukumbi unaong'aa na jiko lenye joto, uchafu na watu waliochoka kwa kufanya kazi saa nyingi kupita kiasi. Mhudumu aliyepita mlango huo alibadilika uso na mwendo papo hapo. Fedha ya mwenye hoteli ilikuwa imewekwa upande anaoketi mteja. Mlango huo wa jikoni ndio kiini cha makala hii.

Sasa tuitazame huduma. Nchini Marekani, baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, kampuni ya Pullman iliyoendesha mabehewa ya kulala iliajiri kwa wingi wanaume weusi, wengi wao waliokuwa watumwa, ikawalipa mishahara midogo na kuwaachia abiria jukumu la kuwaongezea kwa bakshishi. Bakshishi ilizua upinzani. Mwaka 1909 jimbo la Washington liliipiga marufuku kwa sheria, na majimbo mengine kadhaa yakafuata, lakini kufikia mwaka 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa. Wahudumu wa Pullman walichukua njia nyingine. Mwaka 1925 waliunda chama chini ya A. Philip Randolph, na mwaka 1937, baada ya miaka 12 ya mapambano, wakapata mkataba. Wahudumu wa migahawa hawakupata bahati hiyo. Hadi leo sheria ya shirikisho inaruhusu mwajiri amlipe mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1991, mradi bakshishi ijaze pengo hadi kufikia kima cha chini cha kawaida.

Mfumo wa namna hii unafanya kazi gani? Unamlazimisha mhudumu kumpima kila anayeingia: viatu vyake, lafudhi yake, rangi yake, gari aliloshukia. Anayeonekana kuwa na mkono mzito huhudumiwa upesi, na mwingine husubiri. Kuyumba kwa huduma kunakuwa namna ya mfanyakazi kujitafutia riziki ambayo mwajiri hakumhakikishia.

Kwetu, historia hiyo iliongezewa ubaguzi wa wazi. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Nairobi mwaka 1904 kwa ajili ya walowezi na wawindaji. Mwafrika aliingia katika hoteli za namna hiyo akiwa amevaa kanzu nyeupe na kubeba sinia, na aliitwa "boi" hata kama alikuwa na wajukuu. Kuingia kama mteja lilikuwa jambo lisilowezekana hadi utawala wa kikoloni ulipokaribia ukingoni. Huduma bora kwa wachache na mlango uliofungwa kwa wengi ndiyo maana halisi ya huduma ya kikoloni. Hivyo, anayesema kutumikia hakumo katika damu ya Mwafrika amesahau ni nani aliyezitumikia hoteli hizo kwa zaidi ya nusu karne.

Baada ya uhuru swali hili lilijadiliwa kwa uzito. Mwaka 1970, kupitia gazeti la The Standard la Dar es Salaam, wasomi na vijana wa TANU walibishana na watetezi wa utalii: je, taifa linalojenga ujamaa liwafunze vijana wake kuwainamia wageni? Mjadala huo ulihaririwa na Issa Shivji na kuchapishwa kama kitabu mwaka 1973. Kenya ilichagua njia ya mafunzo. Chuo cha Utalii kilianzishwa Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Kila upande uliona sehemu ya ukweli. Ujuzi unafundishika, na Chuo cha Utalii ni ushahidi. Lakini ujuzi bila heshima na malipo ya uhakika haukai. Kijana aliyefunzwa vizuri huondoka mara tu apatapo pa kwenda, na nafasi yake huchukuliwa na kibarua wa siku tatu ambaye hajaonjeshwa chakula anachokiuza.

Mlinganishe na mama ntilie. Wali wake wa Jumatatu ndio wali wake wa Ijumaa. Hana mlango wa jikoni: anapika mbele ya wateja, anapakua mwenyewe, anapokea fedha mwenyewe, na kesho atawaona watu walewale. Sahani ikiharibika, aibu na hasara ni zake. Simsifu kwa kuwa maskini. Ninachosema ni kwamba uwajibikaji wake uko wazi, ilhali katika mgahawa wa kifahari mmiliki, mpishi, mnunuzi na mhudumu wanaweza kutupiana lawama mpaka mteja achoke na kulipa.

Mtumishi wa umma anayesoma hapa bila shaka ameshaona ninakoelekea. Tumejenga ofisi zenye sakafu ya marumaru na viyoyozi, tukabandika ukutani mkataba wa huduma kwa mteja, ambao kimsingi ni menyu. Kisha mwananchi anapata cheti chake kwa siku moja au kwa miezi mitatu, kutegemea aliyemkuta dirishani na alichobeba mfukoni. Tunaita hali hii uzembe wa mtu binafsi, tunatoa karipio, na tunanunua viti vipya vya mapokezi.

Historia inatushauri vingine. Kwanza, mfanyakazi alipwe mshahara usiotegemea sura ya anayehudumiwa. Zana za kisheria tayari zipo: Tanzania ina amri za kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta, hoteli zikiwemo, na kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamlinda kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja. Pili, manunuzi yawe wazi, kwa kuwa ubora huanza kuibwa kabla moto haujawashwa. Tatu, wafanyakazi wawe na chama chenye sauti, kwa sababu anayeijua kasoro ya jiko ni yule anayesimama ndani yake.

Vijana na wanaharakati wanaodai huduma bora wana haki kamili ya kudai. Ila wanapomkemea mhudumu, wamuulize pia analipwa kiasi gani, amefundishwa na nani, na ana mkataba gani. Majibu ya maswali hayo yatawaeleza zaidi kuhusu samaki aliyekauka kuliko ukali wowote wataomwelekezea kijana aliyembeba.