Maswali 6 ya kumuuliza mwalimu wa utulivu wa akili kabla hujamtumia hela

Singida. Unaperuzi simu usiku, usingizi hauji, mara linatokea tangazo la mtu anayejiita kocha wa akili. Anaahidi kukufundisha kupumua, kutulia na kumaliza msongo wa mawazo kwa siku tatu kupitia WhatsApp. Namba ya kulipia ipo hapo hapo chini.

Kabla hujalipa, fahamu jambo moja: Tanzania haina baraza linalotoa leseni kwa walimu wa mazoezi haya, ambayo mitandaoni huitwa maindifulnesi.

Daktari yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi ana baraza lake. Hata mganga wa tiba asili anatakiwa kusajiliwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Lakini mwalimu wa utulivu wa akili? Yeyote anaweza kuamka asubuhi na kujiita hivyo.

Sio Tanzania tu. Uingereza nako jina hilo halilindwi na sheria, ila kuna chama kiitwacho BAMBA chenye orodha ya hiari ya walimu waliotimiza masharti, yakiwemo mafunzo ya angalau miezi 12.

Ni mazoezi gani hasa?

Ni kuelekeza akili kwenye kinachotokea sasa hivi, mfano pumzi yako, bila kujihukumu. Mizizi yake ni ya Kibudha, lakini kozi inayotumika sana hospitalini ilianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani.

Kozi hiyo ni ya wiki 8. Kila wiki kuna darasa la kama saa mbili na nusu, na kila siku kuna mazoezi ya nyumbani. Kwa hiyo anayekuahidi matokeo hayo hayo kwa siku tatu, mtilie shaka.

Hatari iko wapi?

Chukulia mama anayeuza mafuta ya alizeti kando ya barabara kuu ya Singida. Amefiwa na mumewe, wiki ya tano hii halali vizuri. Analipia kozi, anaambiwa afumbe macho nusu saa kila usiku. Badala ya kutulia, picha za msiba zinarudi kwa nguvu. Akiuliza kwenye kundi, anajibiwa aongeze bidii.

Hali hiyo inaweza kutokea. Kukaa kimya na mawazo yako hakumfai kila mtu kila wakati. Kwa baadhi ya watu, hasa waliopitia ukatili, ajali au msiba mzito, kunaweza kuamsha hofu na kumbukumbu chungu. Mwalimu aliyeiva analijua hilo.

Muulize haya

1. Nani alikufundisha, na kwa muda gani? Taka jina la chuo, mwaka na urefu wa kozi. Akisema ana shahada ya saikolojia, TCU ndiyo inayoshughulika na ithibati ya vyuo vikuu. Kwa stashahada ni NACTVET. Cheti cha BRELA au namba ya mlipakodi kinaonesha ana biashara, hakioneshi ana ujuzi.

2. Wewe mwenyewe unafanya mazoezi haya? Anayefundisha kitu asichokifanya atakusomea maandishi tu. Muulize ameanza lini na anafanyaje kila siku.

3. Nani anakusimamia? Mwalimu makini ana mtu mwenye uzoefu zaidi anayemrudia anapokwama. Akijibu kuwa yeye hahitaji mtu, hiyo ni dalili mbaya.

4. Utaniuliza nini kabla ya kunipokea? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Mwalimu mzuri anataka kujua kama unatumia dawa, umepatwa na nini karibuni, na kama umewahi kuugua akili. Anayepokea hela bila kuuliza chochote hajui anampokea nani.

5. Nikizidiwa, utanipeleka wapi? Jibu liwe na jina la mahali. Kwa mkazi wa Singida, pa kuanzia ni kituo cha afya cha karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ipo Dodoma, takriban kilomita 240 kwa barabara.

6. Siri zangu na hela yangu viko salama? Uliza nani yumo kwenye kundi, kama vipindi vinarekodiwa, na utarudishiwa kiasi gani ukiacha katikati. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya yako zinaguswa humo.

Ukiona haya, ondoka

- Anakwambia uache dawa ulizoandikiwa hospitali.
- Anadai kutibu kifafa, sonona au ugonjwa wowote kwa pumzi pekee.
- Anakuharakisha kulipa kwa kisingizio kuwa nafasi zinaisha.
- Anataka mkutane faragha kwa namna inayokutia wasiwasi.
- Ukiuliza maswali, anasema huna imani.

Anza kidogo

Omba kipindi kimoja cha majaribio, ikiwezekana ana kwa ana, kabla ya kulipia kozi nzima. Ongea pia na mtu aliyewahi kufundishwa naye, sio kusoma sifa alizobandika mwenyewe.

Na kama una mawazo ya kujidhuru, hujala au hujalala kwa siku kadhaa, au unasikia sauti wengine wasizosikia, usitafute kocha. Mwambie mtu wa karibu akusindikize hospitali leo.

Kwa wengine wote, nakili maswali haya sita, mtumie mwalimu, kisha usubiri majibu. Hela ije baadaye.