Mali ya ndoa: ng'ombe, shaba na feza

Mara nyingi tunasikia watu wakisema kwamba wazee wetu walikuwa wakiuza mabinti zao. Neno hilo si kweli. Tutazame kwanza mali yenyewe ilikuwa kitu gani.

Kule Bushi, upande wa Bukavu, kijana hakutoa ng'ombe peke yake. Aliwapata kwa baba yake na kwa baba zake wadogo, ama kwa mali iliyoingia siku dada yake alipoolewa. Ng'ombe hao walikaa katika zizi la wakwe, wakazaa, na kila mtu akawajua kwa rangi zao: hao ndio waliokuwa mashahidi wa ndoa. Bibi akikasirika na kurudi kwao, jamaa zote mbili ziliingiwa na hofu. Hawa wangepoteza bibi, wale wangedaiwa ng'ombe, na pengine ng'ombe wamekwisha kutolewa ili kaka yake bibi naye aoe. Basi wazee waliketi, wakasikiliza, wakapatanisha. Tena mali ndiyo iliyowapa watoto ukoo wa baba yao.

Huko Katanga, watu wengi hawakufuga ng'ombe. Walitoa misalaba ya shaba. Ni vitu vya kale sana: waliochimbua makaburi kando ya ziwa Kisale waliikuta pamoja na wafu.

Kisha ikaja kazi ya migodi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampani ya Union Minière ilitaka wafanyakazi wakae na bibi zao wasirudi upesi vijijini, hata ikawakopesha feza za kuoa. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa maoni yangu. Kijana alioa kwa mshahara wake mwenyewe. Baba mdogo ambaye hakutoa kitu, atasema nini siku ya ugomvi? Nazo feza hazizai kama ng'ombe. Zilinunua kinga na mabati, zikaisha. Kaka wa bibi arusi akabaki bila mali ya kuolea, na wazazi wakaanza kudai zaidi.

Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 haikufuta mali. Inasema ndoa isifungwe kama hata sehemu yake haijatolewa, lakini inakubali iwe kitu kidogo cha alama tu. Hata mbuzi mmoja anatosha, basi! Lakini mjini kijana hupewa karatasi ndefu: suti ya baba, vitenge vya mama, kreti za bia, na dola juu yake. (Dola imekuwa ukoo gani kwetu, sijui.) Kijana huogopa, akamchukua binti kimya-kimya, wakakaa pamoja na kuzaa.

Siku bwana akimpiga, binti hukimbilia kwao na mtoto mgongoni. Wazee humwuliza: «Ni nani huyo? Hatukupokea kitu kwake, hatumjui.»