Msimu wa Zambarau
Ukiniuliza msimu gani wa Ligi Kuu nimeuweka moyoni, sikutajii wa Simba wala wa Yanga. Ni 2013/14. Sisi wa Mbeya tulizoea kwenda Uwanja wa Sokoine kuwatazama wageni wa Dar. Mwaka ule Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, ndiyo kwanza imepanda daraja, kocha Juma Mwambusi akaifanya isifungike ovyo. Pale Mwanjelwa nilipouzia maparachichi, siku ya mechi jezi za zambarau zilizidi kanga.

Azam ilikuwa habari nyingine. Ilianzishwa 2004 na wafanyakazi wa kampuni ya Bakhresa, ikaingia Ligi Kuu 2008. Katikati ya msimu kocha Stewart Hall akaondoka, akaja Mkameruni Joseph Omog, na bado haikupoteza mechi hata moja. Aprili 13 ikatufunga 2-1 na kutwaa ubingwa hapohapo Sokoine. Tangu Mtibwa Sugar 2000, hakuna aliyekuwa amewapenya wale vigogo wawili, Simba na Yanga. Roho iliniuma, sikatai.

Yanga ya pili, sisi wa tatu, Simba ya nne, ingawa mfungaji bora, Mrundi Amissi Tambwe, alikuwa wao. Jirani yangu Mnyama, shabiki wa Simba, nilimsalimia kwa vidole vinne hadi Krismasi.