Orodha ya Vyuo Ina Historia Yake

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mkoa wetu wa Singida hujaa washauri. Kila mtu anajua chuo. Jirani anajua, mwenyekiti wa kitongoji anajua, kondakta wa basi la Dodoma naye anajua kupita wote. "Chagua kozi, chuo kitajileta chenyewe." "Jaza chochote, mradi uende." "Pointi zako ndizo zitakazosema." "Nenda karibu, nauli ni ghali." "Angalia kwanza kozi yenye mkopo."

Miaka hii miwili nimekuwa nikimsaidia mpwa wangu, aliyesoma CBG, kupanga vyuo vyake, na ushauri huu umenipitia masikioni hadi nikauzoea. Nikagundua kitu kimoja: karibu kila ushauri una tarehe. Anayekwambia "kozi kwanza" anaongea kutoka mwaka 1965 bila kujua. Anayesema "pointi zitasema" yuko mwaka 2012. Si waongo. Kila mmoja anakuelekeza njia aliyoikuta enzi zake, ila njia yenyewe imekwishahamishwa. Ndiyo maana nimeona niandike historia fupi ya orodha hii, kwa ajili ya mpwa wangu na wengine wanaojaza fomu kutokea Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Singida mjini.

Tuanze na "chagua kozi, chuo kitajileta". Tanganyika ilipopata uhuru, chuo kikuu cha hapa nyumbani kilikuwa na umri wa wiki chache tu. Kilifunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na Kitivo cha Sheria peke yake na wanafunzi wasiozidi 15. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na nchi tatu zikagawana masomo. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi Nairobi, na aliyetaka sheria Dar es Salaam. Hapo ukisema "nataka kuwa injinia" umeshataja na mji. Orodha ya vyuo haikuwepo, kwa sababu haikuhitajika. Muungano huo ulivunjika mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake, lakini ule msemo haukuvunjika nao.

Hata hivyo, zama hizohizo alikuwepo kijana aliyefikiri tofauti. Yoweri Museveni, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Uganda, angeweza kusoma Makerere, mlango wa nyumbani. Ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba aliitaka Dar es Salaam kwa makusudi, kwa sababu ya siasa za Nyerere na kwa kuwa wapigania uhuru wa kusini walikuwa pale. Alifika mwaka 1967. Akamkuta Walter Rodney akifundisha historia, akaongoza umoja wa wanafunzi wanamapinduzi waliokuwa wakisoma na kubishana nje ya saa za darasa. Umpende Museveni au usimpende, hapa ametufundisha jambo: chuo ni kozi, lakini pia ni watu utakaokula nao, utakaobishana nao, na mji utakaokulea kwa miaka mitatu au minne. Hilo swali la pili, "nitaishi na nani, na vipi?", wengi wetu hatukupewa nafasi ya kuliuliza.

Hatukupewa kwa sababu serikali ndiyo iliyokuwa ikisomesha, na ilikuwa na hesabu zake. Nchi ilihitaji idadi fulani ya walimu, mabwana shamba na wahandisi, na nafasi zilipangwa kufuata mahitaji hayo. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu 400 kati yao walifukuzwa na kurudishwa makwao. Ujumbe ulifika hadi vijijini: chuo kikuu ni deni kwa waliolipa kodi, si mali ya anayesoma. Kwa mkulima wa mtama wa Singida, aliyekuwa akimwona mtoto mmoja wa tarafa nzima akienda Mlimani, hoja hiyo ilikuwa na uzito, nami sidhani kama imeisha uzito hata leo.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Kumaliza kidato cha sita hakukutosha tena kukupeleka chuo kikuu moja kwa moja. Ulitakiwa ufanye kazi kwanza, angalau miaka miwili, kisha upate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Baba yangu mkubwa ni mtoto wa azimio hilo. Alipita JKT, akafanya kazi ya ukarani, halafu ndipo akaomba. Alitaka sheria, akapata kilimo Morogoro, wakati huo ikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sokoine ilikuja kusimama yenyewe Julai 1984. Ukimuuliza kama alinung'unika anacheka tu. "Nani alikuwa na muda wa kunung'unika? Ulipewa, ukaenda." Ndiyo asili ya "jaza chochote, mradi uende".

Utaratibu ule uliwaumiza zaidi wasichana. Ile miaka miwili ya kusubiri, kwa wengi wao ilikuwa miaka ya kuolewa. Idadi yao ilishuka kiasi kwamba haikuchukua muda mrefu serikali ikawaondolea sharti la kusubiri. Nalitaja hili kwa sababu mpwa wangu ni msichana, na kila anapoambiwa "subiri mwaka mmoja, si unaona familia haijakaa sawa", mimi namkumbuka binti wa mwaka 1975 aliyesubiri, akasubiri, na hakuenda.

Palikuwepo pia mlango wa pembeni, wa kanisa. Wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani waliingia Iramba miaka ya 1920, wakaacha shule na hospitali sehemu za Kiomboi, Iambi na Kinampanda. Njia za namna hiyo ziliwafikisha vijana wachache kwenye vyuo vidogo vya Marekani ambavyo hapa nyumbani havijulikani kabisa. Lazaro Nyalandu, aliyekuwa mbunge wa Singida Kaskazini na waziri wa Maliasili na Utalii, alisoma Wartburg College, chuo cha Kilutheri kilichopo Iowa. Lakini mlango huu haukuwa wa kuuorodhesha kwenye karatasi. Ilikuwa umjue mtu anayemjua mtu.

Miaka ya 1990 mambo yakageuka. Sera ya kuchangia gharama ilianza kumrudishia mzazi sehemu ya mzigo, na vyuo binafsi vikaruhusiwa. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na miaka michache baadaye vikafuata vya kina Tumaini na SAUT ya Mwanza. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005 kufuatia sheria ya mwaka 2004. Kwa mara ya kwanza, mtoto wa Singida alikuwa na majina mengi mbele yake, na kwa mara ya kwanza kila jina lilikuwa na bei. Hapo ndipo ulipozaliwa ule ushauri wa "kozi yenye mkopo". Si ushauri wa kijinga. Bumu lisipotoka, hata chuo kizuri kinakuwa jela ya njaa. Tatizo ni pale mkopo unapokuwa swali la kwanza na la mwisho.

Halafu ukaja mwaka 2007, ambao kwa sisi watu wa Singida ni mwaka mkubwa kuliko tunavyoukumbuka. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipokea wanafunzi wake wa kwanza. Mwaka huohuo, katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo, kikaanza Chuo Kikuu cha St. John's cha Kanisa Anglikana. Ghafla chuo kikuu kikawa umbali wa kilomita kama 240, badala ya 700 za kwenda Dar es Salaam. Mzazi aliweza kumpelekea mwanawe gunia la unga na kuku wawili, akageuka na basi la siku hiyohiyo. "Nenda karibu" ilitokea hapo. Imewasaidia wengi, na imewafanya wengine wengi wasifungue hata kurasa nyingine za mwongozo.

Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilianza udahili wa pamoja. Ulipanga chaguo zako kwenye mfumo kwa kufuata kipaumbele, na mfumo ukakupangia kulingana na pointi na nafasi zilizopo. Mdogo wangu alipita humo. Aliweka namba moja kozi aliyoipenda, na chini akajaza majina ya kuziba mapengo, kama wote walivyofanya, kisha akajikuta kwenye jina la kuziba pengo. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alihoji hadharani kwa nini TCU iwachagulie wanafunzi vyuo, na tangu msimu ule waombaji wanaomba moja kwa moja kwenye vyuo wenyewe. Ukipata zaidi ya kimoja, unathibitisha kimoja kwa namba maalumu. Wengi hawajautilia maanani ukubwa wa badiliko hilo. Baada ya zaidi ya nusu karne, kalamu ya orodha imerudi mkononi mwa mwanafunzi. Mkono wenyewe ndio haujazoea.

Sasa orodha inayofaa inaandikwaje? Mimi na mpwa wangu tulichukua daftari la hesabu, tukalichora safu.

Safu ya kwanza ni masomo. Mwongozo wa TCU unaotoka kila mwaka unaonyesha kila programu inataka tahasusi gani, alama zipi, inachukua miaka mingapi na ina nafasi ngapi. Usimuulize kondakta, soma mwongozo. Kiwango cha chini cha jumla ni principal mbili zenye jumla ya pointi 4, lakini programu nyingi zinataka zaidi ya hapo, tena kwa masomo maalumu. Hakikisha pia chuo chenyewe kimeruhusiwa kudahili mwaka huo, maana mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo kadhaa visipokee wanafunzi wapya, na walioshika orodha ya mwaka wa nyuma walikwama.

Safu ya pili ni ngazi: sehemu moja au mbili ambazo pointi zako zinafika kwa kujinyoosha, mbili zinazokutosha sawasawa, na moja ambayo huna shaka nayo. Lakini ile ya chini kabisa nayo iwe ni mahali ambapo ungekubali kuishi. Usiweke jina la kuziba pengo. Na kwa kuwa ada ya maombi hulipwa chuo kwa chuo, orodha ndefu isiyofikiriwa ni hela inayomwagika.

Safu ya tatu ni fedha: ada, mkopo, nauli, chumba. Nyaraka za Bodi ya Mikopo, kama cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, zianze kutafutwa kabla dirisha halijafunguliwa.

Safu ya nne ndiyo iliyotuchukua jioni mbili. Maisha. Je, mwaka wa kwanza kuna hosteli ndani ya chuo au utapanga geto mtaani? Unapenda umati au darasa ambalo mwalimu atakujua jina? Ibada yako ipo karibu? Kuna mtu wa kukupokea ukiumwa usiku? Mji mkubwa unakupa nguvu au unakumaliza? Mpwa wangu alijibu la umati bila kusita: "Mjomba, mimi mahali pa kelele nafeli." Watu wazima wengi wangemwambia hiyo si sababu. Ni sababu. Wanaoacha chuo mwaka wa kwanza hawaachi kwa ugumu wa masomo peke yake. Upweke nao unamrudisha mtu nyumbani.

Safu ya tano tuliiita mlango wa nyuma, kwa heshima. Ikiwa pointi hazikutosha, stashahada yenye GPA ya 3.0 inaweza kukuingiza kwenye shahada, na hapahapa Singida kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu na kituo cha Chuo Kikuu Huria. Kuanzia nyumbani si kushindwa.

Orodha yake mwishowe ilikuwa na vyuo vinne. Namba moja aliandika lishe ya binadamu, Sokoine, Morogoro. Baba mkubwa alipoona Morogoro akafurahi, akadhani tumemfuata yeye. Nikamwonyesha daftari: kemia na biolojia anazozipenda, mji asiouogopa, shangazi anayekaa huko, na sababu aliyoiandika kwa mkono wake, kwamba anataka kujua kwa nini watoto wa kijiji chenye kuku, alizeti na maziwa bado wanadumaa. Mzee akalisoma daftari taratibu, safu kwa safu, hadi ile ya maisha. Akauliza, "Kumbe hivi navyo vinaulizwa?"

Vinaulizwa, baba. Siku hizi vinaulizwa. Dirisha la awamu ya kwanza halikai wazi muda mrefu, basi nawe kijana unayesoma hapa, tafuta daftari leo.