Rangi ya Samaki wa Mwambao wa Rumonge: Kutoka Spiriti hadi Skrini

Katika mwambao wa Rumonge, kusini mwa Bujumbura, samaki wa sokoni ni ndagala na mukeke. Maabara za Ulaya, hata hivyo, zilivutiwa zaidi na samaki wadogo wa miambani, hususan jenasi ya Tropheus. Boulenger alimweleza Tropheus moorii mwaka 1898 kwa vielelezo vya J.E.S. Moore. Kwa kuwa samaki aliyehifadhiwa katika spiriti hupoteza rangi, elimu ya awali ilitegemea meno, mapezi na magamba.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1970, Pierre Brichard alipokuwa akisafirisha samaki hai kutoka Burundi. Mwaka 1975 Tropheus brichardi alipewa jina lake. Samaki wa mwamba mmoja hutofautiana na jirani zao kwa rangi hasa. Hivyo rangi ikawa kitambulisho, na picha ikawa shahidi. Shahidi huyo hakuaminika sana. Maji hufyonza wekundu kwanza, filamu ina mwelekeo wake, na mtambo wa chapa huchanganya wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi.

Kompyuta ilirithi tatizo hilo. Tayari mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwanga (CIE) ilikuwa imeweka kipimo cha rangi kinachofuata jicho la binadamu, si kifaa. Juu ya msingi huo, Muungano wa Kimataifa wa Rangi (ICC), ulioundwa mwaka 1993, uliweka utaratibu wa profaili: maelezo yanayoonyesha namba za skana, skrini au printa zinamaanisha rangi gani katika kipimo hicho. Programu ya usanifu husoma profaili ya skana, hupitia kipimo cha kati, kisha hutafuta namba zinazoifaa printa.

Ugumu huanzia kwenye rangi ambazo wino hauzifikii, kama machungwa makali. Msanifu akibana rangi zote kwa uwiano, hata zilizokuwa sahihi husogea. Akizikata zilizovuka mpaka tu, rangi mbili tofauti zaweza kuchapwa kama moja. Kwa msanifu huo ni uamuzi wa urembo. Kwa afisa anayetaka kujua shehena ya samaki imetoka mwamba upi, jamii mbili zimegeuzwa moja.

Slaidi za zamani zinapoingizwa kwenye kompyuta, profaili ya skana hupaswa kubaki ndani ya faili, na jedwali la rangi kupigwa skani pamoja nazo. Mara nyingi profaili huondolewa ili faili iwe nyepesi. Zinabaki namba zisizo na tafsiri, huku slaidi zenyewe zikiendelea kufifia.